Kutomasa, kupapasa au kubonyeza? Kiswahili cha kupima tumbo

“Daktari hakunipima, alinishikashika tu.” Lalamiko hili si geni masikioni mwa wahudumu wa afya nchini. Kosa si la mgonjwa. Kitenzi ‘pima’ tumekibana hadi kikabaki na maana ya damu kutolewa na kupelekwa maabara. Mikono ya daktari ikipita tumboni, mgonjwa haoni kipimo hapo. Ilhali kule ambako maabara iko mbali, mikono hiyo ndiyo kipimo cha kwanza, na pengine cha pekee.

Chukua mama aliyetoka Todonyang, kwenye ukingo wa Ziwa Turkana karibu na mpaka wa Ethiopia. Anapofikishwa Lodwar, huenda daktari akawa mtu wa Kisii au Murang’a aliyesomea udaktari kwa Kiingereza, anayeuliza kwa Kiswahili, na muuguzi akatafsiri kwa Kiturkana. Maneno yanavuka mito miwili kabla ya kufika. Kiswahili ndicho daraja la katikati. Kikilegea, hakuna kinachovuka salama.

Tuanze na kazi yenyewe. Mgonjwa hulala chali, mikono kando, na magoti akiyakunja kidogo ili misuli ya tumbo ilegee. Daktari hutazama kwanza: je, tumbo limefura, lina kovu, linasogea anapohema? Kisha husikiliza kwa stetoskopu, chombo kilichobuniwa na Laennec, Mfaransa, mwaka wa 1816. Kwenye kifua kusikiliza huja mwisho, lakini kwenye tumbo hutangulia kugusa, kwa sababu ukilibonyeza kwanza unaweza kuyabadilisha maungurumo ya utumbo uliyotaka kuyasikia.

Hufuata kugonga. Kidole cha kati cha mkono mmoja hulazwa juu ya ngozi, na cha mkono wa pili hukigonga. Palipo na hewa hulia kama ngoma. Palipo na maji au kitu kigumu mlio huwa mzito na mfupi. Mbinu hii iliandikwa mwaka wa 1761 na Auenbrugger, daktari wa Vienna, mwana wa mwenye nyumba ya wageni. Husimuliwa kwamba aliijua tangu utotoni kwa kuona mapipa ya mvinyo yakigongwa kubaini yamejaa kiasi gani.

Kisha mkono unagusa, na hapa ndipo lugha inapotutega. Kupapasa ni kutafuta kwa mkono bila kuona, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Kutomasa ni kubonyeza kwa vidole ili kujua ulaini au ugumu, kama mnunuzi wa maembe sokoni. Kwa maana, kutomasa ndicho kitenzi hasa cha daktari. Bahati mbaya vyote viwili vimechafuliwa na mazungumzo ya mapenzi. Mwambie mama wa watu, “Nitakutomasa,” na mumewe yuko mlangoni, uone! Rai yangu ni kwamba ‘kutomasa’ kibaki vitabuni na darasani, na mgonjwa aambiwe, “Nitakubonyeza tumbo polepole, uniambie panapouma.” Mkono uwe na joto, uanzie mbali na penye maumivu, na macho ya daktari yawe usoni kwa mgonjwa. Uso hauhitaji mkalimani.

Ini hutafutwa kuanzia chini upande wa kulia, mkono ukipanda kuelekea mbavu huku mgonjwa akivuta pumzi. Wengu, ambalo wengine huliita bandama, hutafutwa chini ya mbavu za kushoto. Turkana, pande hizi mbili zina uzito wake. Wengu lililovimba linaweza kuwa ishara ya malaria au kala-azar, magonjwa yanayopatikana huko. Upande wa kulia kuna hatari ya haidatidi, uvimbe wenye maji unaotokana na mnyoo wa mbwa, ambao aghalabu huota kwenye ini na kukua kimyakimya kwa miaka. Turkana imewahi kuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi duniani, na AMREF ilianzisha mpango wa kuudhibiti ugonjwa huo mwaka wa 1983. Uvimbe huo haudungwi sindano kiholela: maji yake yakimwagika ndani yanaweza kumdhuru mgonjwa papo hapo au kueneza ugonjwa tumboni.

Sasa sikiliza tofauti ya ‘tumbo limevimba’ na ‘tumboni kuna uvimbe’. La kwanza laweza kuwa gesi, maji au hata mimba. La pili ni kitu chenye mahali pake. Mkalimani akizichanganya sentensi hizi, daktari ataanza kutafuta penginepo.

Kwa maumivu lugha yetu ni tajiri mno. Tumbo husokota au hunyonga, maumivu yakija na kuondoka, huchoma, kama kwa mwenye vidonda vya tumbo, hukata, huunguruma, huendesha. Anayesema “moyo unanichoma” huenda anaonyesha chembe cha moyo, pale chini ya kidari, na wala si moyo. Mwambie aweke kidole. Na tafadhali, usimuulize Mkenya habari za ‘matumbo’ yake. Hayo huuzwa buchani.

Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inataka mgonjwa aelezwe mambo, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Naona wengi wakiisoma kama habari ya kutia sahihi kabla ya upasuaji. Mimi naisoma pia kwenye swali dogo ambalo kila mgonjwa wa tumbo huulizwa: “Umeenda choo?” Choo ni kinyesi, na choo ni kijumba. Kwa mtu ambaye bomani kwao hakuna kijumba hicho, jibu la kweli ni “Sijaenda,” na daktari ataandika kwamba utumbo umeziba. Heri aulize waziwazi mara ya mwisho kinyesi kilitoka lini, kilikuwa kigumu au majimaji, cha rangi gani, na kama kilikuwa na damu.