Saa za Shule na Saa za Bahari

Ukitoka kwenye magofu ya Kaole, penye msikiti wa karne ya 13, ukauandama ufuo kuelekea mjini Bagamoyo, utafika soko la samaki. Kunapokucha hapo husikii kengele, unasikia vyombo vikitia nanga. Siku za giza, mwezi usipoonekana, taa za wavuvi huvuta dagaa, na alfajiri kazi huwa tele: kubeba ndoo, kuanika, kupara samaki. Mtoto wa darasa la tano mwenye kisu na mkono mwepesi huondoka na chochote mfukoni saa nne, wenzake wakiwa mapumziko.

Kesho yake anakwenda tena. Mbalamwezi ikirudi, naye anarudi darasani, anakuta hisabati zimeshafika kwenye sehemu ilhali yeye aliziacha kwenye kugawanya. Hakuna siku aliyokaa akaamua kuacha shule.

Mtoto wa namna hii ndiye aliyefikiriwa ulipobuniwa Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, MEMKWA. Mwaka 1999, kwa msaada wa UNICEF, ulijaribiwa katika wilaya tano: Masasi, Ngara, Songea Vijijini, Musoma Vijijini na Kisarawe, iliyo mkoa huu huu wa Pwani. Mpango haukumrudisha darasa la kwanza kijana aliyeanza kuota ndevu. Muhtasari ulifupishwa, vipindi vikawa vichache, na kamati ya wanajamii ikapewa sauti katika kupanga saa. Wadogo, wakifaulu mtihani wa darasa la nne, huingia la tano. Wa miaka 14 hadi 18 huandaliwa kwa mtihani wa darasa la saba.

Saa ndilo jambo kubwa hapa. Darasa la jioni linamwachia mtoto asubuhi yake ya pwani. Lakini mara nyingi MEMKWA imepewa chumba cha kuazima na mwalimu wa posho ndogo, isiyolipwa kwa wakati, kisha watu wakashangaa mahudhurio yakishuka. Huo ni uonevu kwa watoto walioonewa tayari.

Kwa wasichana wa sekondari mlango ulikuwa mzito zaidi. Juni 2017, akiwa mkoani Pwani, Rais Magufuli alitamka kwamba aliyepata ujauzito asirudi shuleni. Novemba 2021 serikali ya Rais Samia iliruhusu warudi. Asiyetaka tena sare husoma kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, akimaliza kwa miaka miwili masomo ya miaka minne.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa tangu 1975, vimeongeza kitu kidogo chenye uzito wa pekee: katika programu ya Elimu Haina Mwisho, mama kijana huja na mwanawe. Mtoto hulelewa hapo hapo chuoni. Mama akisikia kilio, anajua amnyonyeshe kisha arudi kwenye daftari.