Njia za Baisikeli Zisizopita Motokaa

Bwana Mhariri ameniomba niandike yale niliyoyasema katika mdahalo wa muhula huu, yaani kwamba mtu wa Misugusugu aweza kwenda mbali kwa baisikeli bila kukanyaga Barabara ya Morogoro ila kwa kuivuka tu. Wengi walicheka. Nadhani walicheka kwa sababu wanaijua Misugusugu kwa dirisha la basi, na mtu wa basi huona malori, maduka, kisha malori tena. Mimi ni mzaliwa wa hapo, na baba yangu huchukua nazi kwa baisikeli mpaka Maili Moja, basi nina haki ya kusema kidogo.

Yafaa tujue kwanza kwamba jambo hili si la mchezo. Barabara ya Morogoro ndiyo njia ya mizigo itokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Lori lenye tela likikupita karibu, upepo wake kwanza hukusukuma nje, kisha hukuvuta ndani kuelekea magurudumu yake. Mwenye baisikeli tupu hushuka kando upesi. Mwenye matenga mawili ya nazi hawezi, maana akigeuza usukani ghafula mzigo humwangusha, na pengine humwangushia kwenye lami. Upanuzi ulioanza mwaka 2018 ulileta njia nane kutoka Kimara mpaka Kibaha, kilomita 19.2, lakini uliishia Maili Moja na haukufika kwetu. Wenzetu wa kutwa wajao shuleni kwa baisikeli hupita kando ya malori hayo hayo kila asubuhi, giza halijaisha vizuri. Sisi wa bweni husahau jambo hilo kwa kuwa tunaamka hatua mia moja kutoka darasani.

Wala si sisi peke yetu tulioona taabu hii. Katika nchi ya Uholanzi, ambayo leo husifiwa kwa baisikeli, watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani mwaka 1971, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia mitaani kudai njia salama, na miaka iliyofuata serikali yao ikaanza kuwatengea waendesha baisikeli njia zao.

Sasa, njia nzuri ya baisikeli ni ipi? Wengi watajibu kuwa ni njia fupi. Sivyo. Ni njia isiyopanda sana. Wanafunzi wa Fizikia watanielewa: tuseme mtu, baisikeli na mzigo vyote vina kilo 100, yaani uzito wa nyutoni 1,000 hivi. Akipanda mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 50, uzito huo humrudisha nyuma kwa nyutoni 20. Akipanda mwinuko wa mita 1 kwa kila 10, humrudisha kwa nyutoni 100, mara tano zaidi. Hapo hata kijana mwenye nguvu hushuka akasukuma. Afadhali kuzunguka kilima kwa kilomita nzima kuliko kukipanda.

Kwa sababu hiyo, waliotutengenezea njia bora za baisikeli ni watu ambao hawakuwa wakifikiri baisikeli hata kidogo. Huko Uingereza walichimba mifereji ya kupitisha mashua za mizigo, na kando ya kila mfereji wakaacha njia ya farasi wa kuzivuta. Maji hayakubali kupanda, basi njia ile nayo ikawa tambarare. Farasi wakaondoka, na leo baisikeli hupita hapo. Reli nayo ni ndugu ya mfereji, kwa kuwa treni nzito haiwezi mwinuko mkali. Kati ya miji ya Bristol na Bath kulikuwa na reli iliyofungwa. Watu wa kujitolea walianza mwaka 1979 kuigeuza iwe njia ya baisikeli na ya miguu, na kufikia mwaka 1986 ilikuwa imekamilika, maili 13.

Mwenzangu wa bweni atokaye Machame aliposikia habari za mifereji ya Waingereza alisema kwao iko siku zote. Alikuwa na maana ya mifongo, mifereji ya maji ambayo Wachaga wameichimba tangu zamani katika miteremko ya Kilimanjaro ili kunywesha migomba. Mfongo huchukua mteremko mdogo sana ukizunguka ubavu wa mlima, na mara nyingi pana kinjia kando yake cha watu wanaoutunza. Kwa baisikeli ni chembamba mno, nakubali, lakini kanuni ni ile ile.

Kwetu Kibaha hatuna mifongo. Tunalo bomba. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu, pale Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959, nao husukuma maji kufuata uelekeo wa barabara kuu kupita Kibaha mpaka Kimara. Bomba lina mkuza wake, yaani ukanda wa ardhi usioruhusiwa kujengwa ili mafundi wapate kulifikia likipasuka. Mafundi wakipita, kinjia hufanyika, na watu wengine hukifuata. Baba amekitumia miaka mingi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo katika mdahalo sikupata muda wa kulieleza. Bomba halina tabia ya mfereji. Maji ya mfereji hutembea yenyewe, basi humlazimisha mchimbaji atafute usawa. Maji ya bomba husukumwa na pampu, na pampu haijali mwinuko. Kwa hiyo njia ya bomba hunyooka kama kamba, hupanda kila kilima na kushuka kila bonde. Mtu asidhani kwamba kila njia ya maji ni rahisi. Kwa baisikeli tupu ni nzuri, hata inafurahisha katika kushuka, lakini mwenye mzigo atasukuma mara kadhaa kabla ya kufika Maili Moja. Baba husema ni heri kutoka jasho kuliko kusikia honi nyuma ya kisogo.

Njia ya upande wa kusini, kuelekea Soga, ni ya namna nyingine. Huko ndiko iliko Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Sasa iko na reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024. (Wazee wetu bado huiita gari moshi, ingawa haina moshi.) Mtu asinielewe vibaya: kupita juu ya reli kumekatazwa, na ile ya umeme imezungushiwa uzio. Ninalosema ni kwamba nchi ambayo wahandisi waliichagua kwa reli ni nchi ya miteremko ya polepole, na vinjia vya vijiji vilivyo jirani hufaidi upole ule ule. Ukifika penye uzio, fuata kivuko kilichojengwa chini ya reli.

Adui wa njia ya Soga ni mchanga. Wakati wa kiangazi gurudumu la mbele huzama likageuka lipendavyo. Dawa ni kupunguza upepo kidogo katika matairi, kushika usukani kwa wepesi, na kutovunja mwendo. Wakati wa masika mchanga hushikana na njia huwa ngumu, ila mabondeni maji hujaa. Mwezi niupendao ni Juni.

Tena iko misitu. Hifadhi za misitu hukatwa njia pana za kuzuia moto, ili moto ukianza upande mmoja usiruke upande wa pili. Njia hizo hufyekwa, na mwenye baisikeli huona mbele vizuri. Aliye na siku nzima na miguu imara afike Kisarawe, katika msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, ambamo wageni hutembea na hata kuendesha baisikeli chini ya miti ya asili. Lakini huko hulipwa kiingilio, na katika msitu wowote wa hifadhi yapasa kuomba ruhusa kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Watu wa mkaa wasioomba ruhusa ndio wanaotufanya wengine tutazamwe kwa mashaka.

Wako watakaosema kwamba serikali ingejenga njia za baisikeli kandokando ya lami, kama zilizojengwa Dar es Salaam pamoja na barabara ya mabasi yaendayo haraka, ambayo mabasi yake yalianza mwaka 2016. Nimezipita zile za Kimara. Ni nzuri mahali palipo wazi, lakini mara nyingi utakuta pikipiki imetangulia, au meza ya viatu. Mimi naona njia iliyo mbali na lami hujilinda yenyewe, maana mwenye meza hufuata wateja.

Tatizo letu si pikipiki, ni viwanja. Mji wa Kibaha unakua, na kila likizo nirudipo nyumbani naona kinjia kimoja kimezibwa kwa ua wa miti au tofali. Mwenye kiwanja si mtu mbaya. Alionyeshwa mipaka, na katika ile ramani aliyopewa kinjia hakikuchorwa. Katika mkuza wa bomba nyumba hupigwa alama ya X nyekundu, basi pale pana mlinzi. Vinjia vya Soga havina wa kuvipigia alama. Likizo iliyopita baba alizunguka shamba la mihogo, kisha ua mpya, kisha akatokea barabarani na nazi zake, mahali ambapo zamani hakuwa na haja ya kutokea.

Kwa hiyo naandika hasa kwa wazazi wanaosoma gazeti hili na wanaohudhuria mikutano ya mtaa. Viwanja vinapopimwa, na kinjia kiombwe kichorwe pamoja navyo. Nimepima kwa futi ya darasa: baisikeli yenye matenga mawili haizidi mita 1 na sentimita 20 kwa upana. Mbili zikipishana zinataka mita 2 na nusu, na hiyo ni pungufu ya upana wa lori moja likiwa na vioo vyake.