Kasia la Kwanza la Uganda Katika Olimpiki

Mkazi wa Nsambya akitajiwa michezo, fikira zake hukimbilia mpira wa miguu katika uwanja wa Villa Park. Wachache hukumbuka kwamba barabara iendayo Kabalagala huishia Ggaba, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Maji yako karibu kiasi hicho. Hata hivyo ilibidi kungoja hadi Julai 2021 ndipo Mganda wa kwanza aliposhindana kupiga makasia katika Olimpiki.

Mganda huyo ni Bi. Kathleen Noble, aliyezaliwa Kampala mwaka 1994 na wazazi wenye asili ya Ireland. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa kuogelea, na mwaka 2012 aliiwakilisha Uganda mjini Istanbul katika mashindano ya dunia. Kasia alilishika kwa dhati huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Princeton, alikokwenda kusoma elimu ya viumbe. Oktoba 2019, mjini Tunis, alijipatia nafasi ya kwenda Tokyo.

Asidhani msomaji kuwa mchezo huu ni ule ule wa wavuvi wetu. Mvuvi hushika kafi akatazama aendako. Mpiga makasia huipa shabaha yake kisogo. Makasia yake mawili hushikwa na vishwara ubavuni, na kiti huteleza juu ya reli ndogo, hata nguvu nyingi hutoka miguuni. Chombo cha mtu mmoja kina urefu wa mita 8 hivi, na uzito wa kilo 14 tu. Kosa dogo hukipindua. Mwendo ni mita 2,000.

Bei ya chombo hicho, kwa maoni yetu, ndiyo iliyowaweka vijana mbali, wala si uhaba wa mabaharia. Zamani za Kabaka Mutesa I, Buganda ilikuwa na jeshi zima la mitumbwi chini ya Gabunga, mkuu wa ukoo wa Mamba. Tena wanawake hawakuruhusiwa kupiga makasia katika Olimpiki hadi Montreal, mwaka 1976, michezo ambayo Uganda iliisusia.

Huko Tokyo Bi. Noble hakupata medali. Alirudi majini, akafuzu tena, na mwaka 2024 akashindana Paris, peke yake chomboni kama mara ya kwanza.