Mwiba au kiwanda? Kudai waranti ya tairi la baiskeli mpya

Tairi la baiskeli mpya likiharibika Mabogini, jibu la kwanza la dukani linajulikana: umechomwa na mwiba. Ni jibu gumu kulipinga, maana mara nyingi ni kweli. Ukitoka Moshi mjini kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC, ukaacha lami na kushika njia za kando ya mifereji, umeingia nchi ya migunga, na mwiba wa mgunga hauulizi tairi limetoka dukani jana au mwaka juzi. Lakini jibu hilo hilo hutolewa pia kwa tairi lililovimba ubavu bila kuguswa na kitu, kwa tyubu iliyoachia kwenye maungio yake, na kwa tairi lililozeekea ghalani kabla halijafungwa kwenye baiskeli. Hasara za namna hiyo hazimhusu mnunuzi.

Tofauti kati ya mwiba na kiwanda huonekana kwa macho, ukijua pa kuangalia. Bahati mbaya, wengi hukimbilia kwa fundi wa pancha aliye jirani. Naye, kwa nia njema kabisa, husugua tyubu kwa msasa, hupaka solusheni, hubandika kiraka, na ushahidi wote umefutika. Ukirudi dukani baada ya hapo huna cha kuonyesha. Kwa hiyo kazi ya kudai waranti huanza kabla ya kiraka.

Tairi limejengwaje

Ukingoni, pale tairi linapokaa kwenye rimu, kuna waya wa chuma uliofunikwa kwa mpira. Ndio unaolizuia lisichomoke. Mwilini mna matabaka ya nyuzi, aghalabu za nailoni, zilizolazwa kimshazari. Hizo ndizo zinazohimili upepo na mzigo. Juu yake upo mpira wenyewe, mnene panapokanyaga barabara na mwembamba ubavuni. Mpira huo hupikwa kwa joto pamoja na salfa, njia aliyoigundua Mmarekani Charles Goodyear mwaka 1839, ili usinate wakati wa joto wala kukakamaa wakati wa baridi. Kasoro ya kiwandani hukaa katika mojawapo ya sehemu hizo: waya uliokatika au kulegea, nyuzi zilizoachana, au mpira usioiva sawasawa.

Soma kabla ya kuziba

Kabla ya kulitoa tairi, chora alama ya chaki ubavuni mwake, mkabala na valvu. Toa tyubu bila kuigeuza, ijaze upepo, itafute inapovuja, kisha ilaze kando ya tairi, valvu ikielekea kwenye alama. Sasa unajua tundu la tyubu lilikuwa limekaa mahali gani kwenye tairi na kwenye rimu, na mahali hapo panasema mengi.

Tundu likiwa upande wa nje, unaotazama barabara, mshitakiwa ni mwiba, msumari au kipande cha chupa. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, usitumie vidole vitupu. Kitanasa penye ncha. Hapa hakuna waranti.

Tundu likiwa upande wa ndani, unaotazama rimu, mwiba hauhusiki. Tafuta ncha ya spoki iliyochomoza, au utepe wa kufunika spoki uliopinda au usiokuwepo kabisa. Tairi si bovu, ila baiskeli imefungwa vibaya. Baiskeli nyingi hufika madukani zikiwa vipande ndani ya boksi, na fundi wa duka ndiye anayeziunga. Kosa hilo ni la duka, nawe una haki ya kulidai.

Mipasuko miwili midogo iliyokaa sambamba ina maana kwamba upepo ulikuwa mdogo na gurudumu likabamizwa kwenye jiwe au ukingo wa shimo, tyubu ikabanwa na rimu. Hilo ni la mwendeshaji. Mpasuko unaofuata mshono wa tyubu, au kitako cha valvu kilichobanduka pande zote, ni kosa la kiwanda. Ila valvu ikiwa imelala upande mmoja na kuchanika upande huo tu, tairi limekuwa likiteleza juu ya rimu kwa kukosa upepo.

Kuna na baiskeli inayolala na upepo na kuamka laini. Kabla ya kugombana na mtu, paka mate kwenye valvu. Ikitoa mapovu, pengine kilichokwisha ni kile kimpira chembamba cha ndani ya valvu, kitu cha bei ndogo kuliko nauli ya kwenda mjini.

Kwenye tairi lenyewe angalia nundu. Zungusha gurudumu polepole na ulinganishe tairi na rimu. Rimu ikienda sawa na tairi likapanda na kushuka, tazama ule mstari mwembamba unaozunguka karibu na rimu. Ukiwa umezama sehemu moja, tairi halijakaa vizuri tu: punguza upepo, likandekande likae, jaza upya. Mstari ukiwa sawa kote na nundu bado ipo, nyuzi zimeachana. Lipekue pale penye nundu, nje na ndani. Ukikuta mkato au alama ya jiwe, kuna kilicholigonga. Usipokuta chochote, limetoka hivyo kiwandani, na usiliendeshe tena, kwa kuwa nundu ya namna hiyo huishia kupasuka.

Shahidi ni tairi la mbele

Nyufa za ubavuni ndizo zenye ubishi mkubwa. Mabogini ni nchi ya mpunga, hasa tangu mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini ulipokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, na muuzaji anajua kwamba baiskeli ya huku hubeba magunia. Atasema umezidisha mzigo. Huenda ni kweli: tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa hukunjwa ubavu kila linapozunguka, mpaka mpira unapasuka kuzunguka duara lote.

Lakini mzigo wa keria hukalia gurudumu la nyuma. La mbele hubeba kidogo sana. Ukiona nyufa nyuma tu, muuzaji ana hoja. Ukiona nyufa zile zile mbele na nyuma, kwenye baiskeli isiyotimiza hata miezi michache, mzigo hauwezi kuwa sababu. Mpira ulizeeka kwa kukaa ghalani muda mrefu, au haukutengenezwa vizuri tangu mwanzo. Kwa hiyo usipeleke gurudumu la nyuma peke yake. Peleka baiskeli nzima.

Angalia breki pia. Baiskeli za mizigo za inchi 28 zenye breki za fito hushika rimu kwa upande wa ndani, hazigusi tairi. Zile za mtindo wa milimani zina breki zinazobana rimu ubavuni, na kipande cha breki kikifungwa juu mno hula tairi taratibu. Ukiona mfereji uliokatwa sawasawa ubavuni, na breki haijaguswa na mtu tangu dukani, dai hilo nalo ni la duka.

Je, jua hupasua tairi?

“Uliliacha juani” ni utetezi mwingine unaosikika sana. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme ulijaza paundi 45 asubuhi, joto likiwa nyuzi 20, na mchana tairi likafikia nyuzi 50. Upepo wa ndani utapanda hadi paundi zipatazo 51. Ongezeko hilo tairi zima hulivumilia bila shida. Kwa hiyo tairi lililopasuka likiwa limesimama juani ama lilijazwa kupita kiasi kilichoandikwa ubavuni mwake, ama waya au nyuzi zake zilikuwa na udhaifu, ama halikuwa la rimu ile.

Hili la mwisho halikaguliwi na wengi. Ubavuni mwa tairi kuna namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 40-635. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha mahali linapokaa kwenye rimu, vyote kwa milimita. Matairi mawili yanaweza yote kuitwa inchi 28, moja likawa 635 na lingine 622. Ni tofauti ya milimita 13, inayotosha kabisa kulifanya tairi lichomoke. Ukikuta tairi la 635 kwenye rimu ya 622, usihangaike kutafuta kasoro nyingine.

Sheria iko upande gani

Risiti nyingi zina maneno “bidhaa ikishauzwa hairudishwi.” Kwa mnunuzi aliyebadili mawazo, maneno hayo yana nguvu. Kwa kitu kibovu habari ni nyingine. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, huingiza ndani ya mauziano sharti la ubora hata kama hakuna aliyelitamka: anayefanya biashara ya baiskeli anapaswa kuuza baiskeli inayofaa kuuzwa kama baiskeli. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, yaani FCC, nayo inagusa masharti ya mikataba ya walaji na wajibu wa watengenezaji. Waranti iliyoandikwa ni nyongeza juu ya hayo.

Sheria hiyo ya mauzo ina makali mawili yanayomgeukia mnunuzi. Kasoro ambayo ungeiona ulipoikagua bidhaa dukani, ukainyamazia, huwezi kuilalamikia baadaye. Na ukikaa na kitu kwa muda mrefu kupita kiasi bila kusema, unahesabiwa umekikubali, na haki ya kukirudisha inapotea. Kwa hiyo zungusha magurudumu yote mawili kabla ya kulipa, soma namba za ubavuni, na kasoro ikijitokeza nyumbani, toa taarifa siku ile ile.

Namna ya kudai

Siku ya kununua, dai risiti ya mashine yenye tarehe, na omba iandikwe aina ya baiskeli na namba ya fremu. Kama muuzaji ameahidi waranti kwa mdomo, mwombe aiandike nyuma ya risiti: miezi mingapi, na kama matairi na tyubu yamo. Waranti nyingi za baiskeli huhusu fremu na kuyaacha nje matairi, kwa hoja kwamba ni vitu vinavyolika. Kulika ni kwisha kwa matumizi. Nyuzi kuachana ndani ya wiki tatu si kulika.

Kasoro ikitokea, acha kuiendesha, piga picha ya tairi likiwa bado kwenye rimu, ikionyesha na valvu, kisha tuma ujumbe wa simu dukani ili tarehe ibaki. Usikate tairi wala kubandika kiraka. Ukifika, usianze kwa kudai baiskeli nyingine. Kwa kasoro ya tairi, dai la kawaida ni tairi jipya la ukubwa sahihi, na kufungiwa bure. Rudisha baiskeli nzima pale tu kasoro inapojirudia au rimu yenyewe ikiwa mbaya. Ikishindikana, andika barua fupi yenye tarehe na ubaki na nakala. Barua hiyo ndiyo utakayoipeleka FCC au Mahakama ya Mwanzo, ambako huhitaji wakili.

Mara nyingi hutafika huko. Mwenye duka Moshi hakutengeneza tairi hilo. Naye alilinunua kwa mfanyabiashara wa jumla, na mbele ya huyo yeye ni mnunuzi kama wewe, mwenye haki kama zako. Anachokosa ni ushahidi wa kumpelekea. Tairi lisiloguswa, picha na risiti vinampa ushahidi huo, na akishakuwa navyo anapata sababu ya kukubadilishia badala ya kubishana nawe juu ya mwiba.