Programu imefeli, ama ni nyinyi?

Ukisikia mradi wa programu umekwama, usikimbilie kulaumu programu. Cheki Lidl, wenye supamaketi kutoka Ujerumani. Mwaka 2011 walianza kuhamia mfumo wa SAP. 2018 wakautupa, takriban yuro milioni 500 zikiwa zimeteketea, wakarudi kwa mfumo wao wa zamani.

Shida? Lidl huhesabu mali ya stoo kwa bei ya kununulia. SAP ilizoea bei ya kuuzia. Walikataa kubadilika, wakashona kiraka juu ya kiraka. Na SAP hiyo hiyo inapiga kazi fiti kwa makampuni kibao.

Kwa hivyo msee, bosi akikuletea mfumo mpya, uliza mapema: nani atabadilika, sisi ama programu? Kama hakuna jibu, pesa zisiguswe bado.