Kipokezi Ndani ya Nyuroni: Dutu P na Kuendelea kwa Maumivu

Kwa muda mrefu imefundishwa kwamba kipokezi cha seli hufanya kazi kikiwa kwenye utando wa nje, na kwamba kikishavutwa ndani ujumbe wake umekwisha. Makala haya yanashikilia kuwa fundisho hilo ni nusu tu ya ukweli, na kwamba nusu iliyoachwa ina uzito kwa wanaougua maumivu sugu.

Tuchukue mfano wa dutu P, mnyororo mfupi wa asidi amino 11 uliogunduliwa mwaka 1931 na von Euler na Gaddum. Mwili unapoumia, neva za hisi huimwaga dutu hiyo katika uti wa mgongo, nayo hunasa kwenye kipokezi kiitwacho NK1 kilichoko juu ya nyuroni inayofuata. Kipokezi huamsha protini G. Kisha arestini hukishika, utando hubonyea, na kipokezi, kikiwa bado kimeshikana na dutu P, hujikuta ndani ya kifuko kidogo kiitwacho endosomu. Mwaka 1995 Mantyh na wenzake waliionesha safari hiyo katika nyuroni za panya waliodungwa mguuni kapsaisini, kitu kile kile kinachoipa pilipili ukali wake.

Je, kipokezi kilichomezwa huwezaje kusema? Jibu limo katika umbo lenyewe. Utando unapojikunja kuelekea ndani, sehemu iliyoishika dutu P hubaki ndani ya kifuko, ilhali mkia wa kipokezi huendelea kuelekea kwenye sitoplazimu, palepale ulipoelekea tangu awali. Protini za kupeleka ujumbe bado zinaufikia. Tena ujumbe wa endosomuni hudumu zaidi kuliko ule wa juu, hufika hadi kwenye kiini cha seli kwa njia ya kimeng'enya ERK, na huiacha nyuroni ikiwa nyepesi kusisimka. Hukoma pale kimeng'enya kingine, ECE-1, kinapoivunjavunja dutu P, na kipokezi kikarejea juu.

Hapa ndipo suala la dawa linapoingia. Vizuizi vya NK1 havikufua dafu dhidi ya maumivu ya binadamu, ingawa kimojawapo, aprepitanti, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2003 kuzuia kutapika kunakotokana na tiba ya saratani. Yawezekana vilikizuia kipokezi cha juu na kukiacha cha ndani. Mwaka 2017 Jensen na wenzake waliunganisha kizuizi na kolestanoli, aina ya lipidi, ili kiingie endosomuni pamoja na utando. Maumivu ya panya yalitulizwa kwa muda mrefu zaidi kuliko kwa kizuizi cha kawaida. Tahadhari inahitajika, kwa kuwa vizuizi vya awali navyo vilifaulu kwa wanyama kabla ya kushindwa kwa binadamu.