Kurudia Uwindaji wa Tombo na Mbwa Mpya

Mji wa Kampala ulipata jina lake kwa wanyama wa porini. Kilima ambacho siku hizi huitwa Kampala ya Kale kilikuwa malisho ya swala pala wa Kabaka wa Buganda, na Kapteni Lugard alipojenga ngome yake hapo mwaka 1890, jina la kilima likaendelea kuenea hata likawa jina la mji mzima. Swala hao hawapo tena. Lakini mtu akitoka nje ya mji asubuhi, akapita mashamba ya Wakiso na kufika penye nyasi ndefu, bado anaweza kushtushwa na ndege mdogo wa mviringo anayeruka ghafla miguuni pake kwa kishindo cha mbawa, akaenda chini chini hatua chache, kisha akatumbukia tena majanini. Ndege huyo ni tombo. Wengine humwita kware, ingawa kwa wazee wengi jina hilo, au kwale, ni la ndege mkubwa zaidi ambaye Waganda humwita enkwale.

Tombo hana mwili mkubwa. Mzito wao hafikii hata robo ya kilo. Wengi ni kama gramu mia moja au pungufu. Wapo wanaoishi humu Afrika na kuhama wakifuata mvua, na wapo wanaotoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Ndio ndege wanaotajwa katika Kitabu cha Kutoka na katika Kurani, walioteremshwa pamoja na mana kwa Wana wa Israeli jangwani. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Wajaluo karibu na Ziwa Viktoria, watu huwatega bila bunduki wala mbwa: huning'iniza vitunga vyenye tombo hai juu ya mlingoti mrefu, na mlio wao huwaita wenzao waje kwenye mitego iliyowekwa chini. (Wale wa kufugwa, waliozusha pupa kubwa Kenya miaka ya 2013 na 2014, hata yai moja likasifiwa kuwa dawa ya kila maradhi, ni wa aina nyingine, na bei yao iliporomoka upesi kama ilivyopanda.)

Sasa mchukue askari mstaafu aliyewahi kuwinda ndege ujanani mwake, akaacha kwa sababu mbwa wake alikufa, naye akaona hana moyo wa kuanza upya. Miaka imepita, watoto wamekua, na mtu amempa mwanambwa. Jambo la kwanza analopaswa kufikiri si mbwa, bali ni sheria. Uwindaji ulipigwa marufuku Uganda mwaka 1979, na sababu zake wananchi wanazijua: katika miaka ile ya vita na vurugu bunduki za kivita ziliingia mbugani, na mapema katika miaka ya 1980 vifaru wa mwisho wa nchi hii wakamalizika. Uwindaji wa kibali ulirudishwa kwa majaribio mwaka 2001 kandokando ya hifadhi ya Ziwa Mburo. Leo mambo haya yanatawaliwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, na mwenye kutoa ruhusa ni Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Haimtoshi mtu kusema kwamba tombo ni mdogo, wala kwamba shamba ni la shemeji yake. Aende kwanza akaulize ndege gani, wapi, na wakati gani. Tena mabwawa ya Mabamba na Lutembe, yaliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa dunia nzima, si mahali pa kupeleka mbwa na baruti.

Kuhusu silaha, inatosha kusema hivi: bunduki ya serikali si ya kuwindia. Askari anayeichukua ya kambini ili ampatie mkewe kitoweo anahatarisha kazi yake na uhuru wake kwa ndege asiyejaza kiganja. Kwa tombo hutumika bunduki ya marisau, nayo huhitaji leseni yake chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1970.

Mbwa ndiye shughuli yenyewe. Waganda ni wawindaji wa tangu kale. Miongoni mwa koo zao umo ukoo wa Mbwa, na mbwa wao wa kuwindia walifungwa njuga ili mwenyewe ajue walipo vichakani. Lakini mbwa hao walifunzwa kumkimbiza mnyama hadi kwenye wavu. Kwa tombo, kukimbiza ni kuharibu. Tombo hutegemea kujificha. Hulala kimya mpaka mguu ukaribie kumkanyaga. Anayefaa ni mbwa anayenusa upepo, akishapata harufu husimama kama sanamu, pua ikielekea alipo ndege. Wazungu walifuga mbegu maalumu kwa kazi hiyo, na zamani, kabla ya bunduki kuenea, wengine walifunzwa kulala chini kabisa ili wavu urushwe juu yao na juu ya ndege kwa pamoja. Mbwa wa kienyeji naye aweza kujifunza kiasi, maana karibu kila mbwa husita kidogo kabla ya kurukia. Kazi ya mwalimu ni kurefusha kule kusita.

Hapo ndipo mtu anayerudi baada ya miaka mingi hukosea. Anamkumbuka mbwa wa zamani katika siku zake bora, akasahau miezi aliyomfunza, kisha anamdai mwanambwa wa miezi sita kazi ya mzee. Mbwa mpya hana deni la yule aliyekufa. Aanze na jina lake, kuja akiitwa, na neno moja la kusimama ambalo watu wote nyumbani watalitumia vilevile, baba akisema "Simama!" na watoto wakisema "Ngoja!", mbwa hatajua lipi ni amri. Wanaofanya kazi na mbwa wa polisi wanalielewa jambo hili. Kisha afungwe kamba ndefu, kama mita kumi, na ubawa wa ndege ufungwe kwenye fimbo na kupitishwa mbele yake. Akisimama, asifiwe. Akirukia, azuiwe kwa kamba, bila kipigo.

Mlio wa bunduki ausikie kwanza kwa mbali sana, wakati anakula au anacheza, na usogezwe karibu siku kwa siku. Mbwa aliyetishwa na risasi ya kwanza masikioni huenda asirudi tena kuwinda.

Hatari kubwa zaidi huja siku ile kila kitu kinapokwenda vema. Tombo huruka chini, na mbwa mchanga humfuata. Mwindaji aliyengoja miaka huinua bunduki kwa furaha, na mbwa yumo katika mstari uleule. Asifyatue mpaka aone anga tupu chini ya ndege. Asipoliona, amwache aende zake.

Nyumbani nako pana kazi. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa akiwa na umri wa miezi mitatu, na chanjo irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyoagiza. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hauna tiba. Mtoto akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Penye mbung'o, mbwa akianza kukonda na macho yake kufanya ukungu wa kibuluu, yamkini ana nagana. Katika nyumba za Waislamu mbwa huwekewa banda lake nje. Lakini kuwinda naye hakukatazwi, kwani Sura ya Al-Maida inaruhusu kula kile alichokamata mnyama aliyefunzwa, jina la Mungu likiwa limetajwa.

Uwindaji ufanywe asubuhi, kabla jua halijakali, maana mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, abebewe maji. Wakati wa kutaga na kulea, ndege waachwe.

Jioni mbwa atangulie kuhudumiwa: atazamwe katikati ya vidole na ndani ya masikio, kwa kupe na mbegu za nyasi zenye ncha. Ndipo mama wa nyumbani ashughulikie tombo. Wanyonyolewe, wapasuliwe, na nyama ipapaswe kwa kidole ili kila punje ya risasi itolewe, maana risasi ni sumu, na mbaya zaidi kwa watoto. Waoshwe, wapakwe chumvi, kitunguu saumu na ndimu, wakaangwe kwa mafuta kidogo mpaka wageuke rangi, halafu waachwe kwenye mchuzi mzito wa karanga juu ya moto mdogo muda wa nusu saa. Huliwa na matoke. Tombo wawili kwa mtu mzima mmoja ni kiasi cha haki, na mbwa asipewe mifupa yao iliyopikwa, maana humchoma kooni.